Siasa ndo iliyowateka walokole wa Marekani, na ilianzia kwenye kodi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: walokole weupe wa Marekani ndo wanaoiendesha siasa ya nchi yao, au siasa ndo inayowaendesha wao? Mi najibu bila kuzunguka, siasa ndo inayowaendesha, tena ilianza zamani sana kabla ya Trump, na kwa mtu kama mimi niliyelelewa kwenye kanisa la Baptisti, nikabatizwa kwa maji mengi na bado naimba kwaya, jambo hili linaniuma kuliko linavyomuuma anayeliangalia kwa nje.

Kwanza ukubwa wake. Uchaguzi wa 2016 walokole weupe takriban 8 kwa kila 10 waliopiga kura walimpa Trump, na 2024 ikawa karibu vilevile. Kwa idadi wao ni kama mtu mmoja kwa kila saba nchini, lakini siku ya kura wanajitokeza mvua inyeshe jua liwake, na ndani ya chama cha Republican, chama cha Trump, mgombea urais anapata shida sana kupita kwenye mchujo wakimkataa, kwa hiyo sauti yao ni kubwa kuliko hesabu yao.

Sasa ukiuliza watu wengi, hata huku kwetu, watakwambia waliingia siasani kwa ajili ya mimba, yaani Mahakama ya Juu iliruhusu mimba zitolewe 1973, watu wa Mungu wakashtuka wakaamka. Ukikaa na tarehe hadithi hiyo haisimami. 1971, miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, inayoitwa Roe, Southern Baptist Convention, ambao ndo muungano mkubwa kuliko wote wa Kiprotestanti kule, walikaa mkutano wao mkuu St. Louis wakapitisha azimio la kutaka sheria ziruhusu mimba itolewe mama akiwa amebakwa, au mtoto ana kasoro kubwa tumboni, au afya ya mama iko hatarini, na wakaitaja mpaka afya yake ya akili na ya hisia. Hao ni Baptisti wa kusini, sio watu wa mrengo wa kushoto! Na hukumu ilipotoka, waliopiga kelele zaidi mwanzoni walikuwa Wakatoliki.

Kilichowaamsha wachungaji ni shule. Mwaka 1954 mahakama ilipiga marufuku kuwatenganisha watoto weusi na weupe kwenye shule za serikali, na serikali ilipoanza kukazia kweli, wazungu wengi wa kusini wakawaondoa watoto wao wakawapeleka shule binafsi, na nyingi zilikuwa za makanisa, hata mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alifungua ya kwake 1967. Shule hizi zilikuwa na msamaha wa kodi, na anayezichangia naye anapunguziwa kodi yake. 1971 mahakama ikasema shule inayobagua rangi haistahili msamaha huo, alafu 1976 mamlaka ya kodi ikakinyang'anya msamaha chuo cha Bob Jones cha South Carolina, chuo ambacho kilikataa kabisa wanafunzi weusi mpaka 1971 na hata baada ya kuwapokea kikaendelea kukataza mweusi na mweupe wasichumbiane. Chuo kikaenda mahakamani kikapambana mpaka 1983, kikashindwa kwa kura 8 kwa 1. Paul Weyrich, mmoja wa waliousuka mtandao mzima wa siasa za walokole, alikuwa amehangaika miaka kutafuta jambo la kuwavuta wachungaji, kajaribu hili kajaribu lile, hawasikii, na alikuja kusema mwenyewe kwamba ni hii habari ya serikali kuingilia shule zao ndo iliyowaamsha. Mimba ililetwa mbele mwishoni mwa miaka ya 70, kwa sababu huwezi kumwambia mtu wa kawaida kanisani aje apiganie chuo kinachokataza watoto kupendana kwa rangi zao.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi yule mama anayesali leo nje ya kliniki anaigiza, hapana, anaamini kwa moyo wake wote, na kuhusu thamani ya mtoto tumboni hata mimi siko mbali naye. Nasema waliompangia ajenda walikuwa na hesabu nyingine.

Huyo huyo Falwell 1965, wakati Martin Luther King na wenzake wanaandamana Selma watu weusi waruhusiwe kupiga kura, alihubiri kwamba mhubiri hakuitwa kuwa mwanasiasa, aliitwa kuvuta roho za watu. Miaka 14 baadaye, 1979, yeye ndo anaanzisha Moral Majority, kikundi cha siasa cha Wakristo wahafidhina, na kuwahimiza wachungaji wawaandikishe waumini wao kupiga kura. Injili haikubadilika katika hiyo miaka 14.

Alafu mwangalieni Jimmy Carter, rais wa Marekani mpaka Januari 1981, kwangu huu ndo ushahidi mzito kuliko wote. Carter alikuwa mlokole wa kweli, Baptisti wa Plains, Georgia, mwalimu wa shule ya Jumapili kabla ya urais, wakati wa urais na miongo baada ya urais, mume wa mke mmoja mpaka kifo kilipowatenganisha. 1980 walokole weupe wengi walimwacha wakaenda kwa Ronald Reagan, mcheza sinema wa Hollywood aliyekuwa ameshaachana na mke wake wa kwanza na ambaye 1967 akiwa gavana wa California alisaini sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba. Agosti 1980 Reagan akasimama Dallas mbele ya maelfu ya wachungaji na waumini akawaambia najua ninyi hamwezi kuniunga mkono rasmi, ila mimi nawaunga mkono ninyi. Wakashangilia. Sawa, uchumi ulikuwa mbaya, Wamarekani walikuwa mateka Tehran, Iran, hayo yote nayakubali, lakini kama kipimo kingekuwa imani na mwenendo wa mtu, pale pasingekuwa na mjadala.

Na wale waumini weusi je? Wanasoma Biblia ileile, wanaamini kuzaliwa mara ya pili, wanafunga, wanatoa zaka, wengi wao kwenye mambo ya familia ni wahafidhina kabisa, lakini kwenye kura wako upande mwingine, kwa Democrat, na wamekuwa huko miongo mingi. Tarehe 5 Januari 2021 mchungaji Raphael Warnock wa Ebenezer, Atlanta, kanisa alilochunga King, alishinda useneta wa Georgia. Kesho yake, tarehe 6, kundi la wafuasi wa Trump wakavamia Bunge wakiwa na misalaba na bendera zimeandikwa Yesu anaokoa, na mmoja akasimama ndani ya ukumbi wa Seneti akaomba kwa jina la Kristo huku polisi wamepigwa nje. Kama imani ndo ingekuwa inaamua, hawa ndugu wangekutana mahali fulani katikati. Kinachoamua ni historia ya rangi, mkoa, na chama.

Kinachonisikitisha zaidi kama Baptisti ni kwamba watu wetu ndo waliopigania dini na serikali vitengane. Virginia kabla ya uhuru wahubiri wa Baptisti walifungwa jela kwa kuhubiri bila kibali, kwa vile kanisa la Anglikana ndo lilikuwa la serikali. Ndo maana mhubiri John Leland alimsapoti James Madison, mwanasiasa wa Virginia, na marekebisho ya kwanza ya katiba, yanayokataza serikali kuweka dini yake, yakapita 1791. Tarehe 1 Januari 1802 Leland alifika kwa rais Jefferson na jibini kubwa la zaidi ya kilo 500 kama zawadi ya watu wa kijiji chake Cheshire, Massachusetts, na siku hiyohiyo Jefferson akawajibu kwa barua Baptisti wa Danbury, Connecticut, akitaja ukuta kati ya kanisa na serikali. Leo Spika wa Bunge, Mike Johnson, ni Baptisti wa kusini, na anasema huo ukuta unaeleweka vibaya, na jimbo lake la Louisiana 2024 limepitisha sheria ya kubandika Amri Kumi kila darasa la shule ya serikali. Wale waliolala jela Virginia wangeshangaa sana.

Kwa sisi wa huku jambo hili sio la mbali. 2003 rais George W. Bush alianzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, dola bilioni 15 kwa miaka 5, na viongozi walokole walimsukuma, hayo ni matunda mema kabisa, kuna ndugu zetu Tanzania, Kenya na Uganda wako hai kwa sababu ya ARV walizopewa kupitia mpango huo. Januari 2025 misaada ya nje ikasimamishwa, kliniki zikayumba, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Wapo walokole wa kule waliopaza sauti, nawashukuru, lakini wengi wenye majukwaa makubwa walinyamaza, maana aliyesimamisha, Trump, ni mtu wa upande wao.

Na tulifika mpaka hapa: Julai 2025 mamlaka ya kodi iliiambia mahakama ya Texas kwamba mchungaji akimpigia debe mgombea mbele ya waumini wake ibadani, kanisa halijavunja ile sheria ya 1954 inayozuia taasisi zenye msamaha wa kodi kufanya kampeni. Angalieni hesabu yake. Ukimchangia mgombea pesa hupunguziwi kodi, ukitoa sadaka unaweza kupunguziwa, na kanisa kule halilazimiki kupeleka serikalini ripoti ya mwaka ya mapato kama taasisi nyingine. Kwa hiyo mwenye pesa anayetaka kumsaidia mtu wake bila jina lake kuonekana, kikapu cha sadaka kinaweza kuwa njia rahisi kuliko kamati ya kampeni, na mchungaji atakayekataa kikapu hicho atakuwa anajibishana na matajiri wa kanisa lake mwenyewe.