Tuvumilie au tubadili wazo?

Swali: Mimi na mwenzangu tuna programu ya simu inayowasaidia mafundi wa majumbani kupanga ratiba za kazi. Huu ni mwaka wa pili. Waliojisajili wanazidi kuongezeka, ila wanaolipa ni wachache mno. Mwenzangu anataka tubadili wazo, mimi naona bado mapema. Tutajuaje?

Jibu: Ndugu yangu, idadi ya waliojisajili haiwezi kuwaamulia, maana hiyo hupanda tu. Hata aliyeifuta programu siku ya pili bado anahesabiwa humo. Wachukueni waliojisajili kila mwezi kama kundi la peke yake, kisha mtazame wangapi kati yao bado wanaitumia mwezi wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Kila kundi likiporomoka hadi karibu na sifuri, kuongeza matangazo ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini likishuka kisha likatulia, tuseme 15 kati ya 100 hawabanduki, hapo pana kitu. Tafuteni hao 15 ni nani na wanatumia sehemu ipi.

Kevin Systrom na Mike Krieger walipitia hapo. Programu yao ya Burbn ilibeba mambo mengi: kutaja mahali ulipo, kupanga mikutano na marafiki, kuweka picha. Walipoona watu wanakazania picha, wakafyeka karibu kila kitu kingine, na Oktoba 2010 ikatoka Instagram. Kubadili wazo mara nyingi ni kupunguza namna hii, si kuanza upya.

Halafu wapigieni simu walioacha. Msiwaulize kama wazo ni zuri. Watawasifia kwa adabu. Ulizeni: “Mara ya mwisho kazi mbili zilipogongana, ulifanyaje?” Fundi akijibu kwamba alimpigia mteja mmoja akasogeza siku, basi, tatizo lenu halimuumi, na hakuna kitufe kitakachomfanya alipe. Akisema amemwajiri mtu wa kumpangia simu na daftari, tatizo ni la kweli na tayari analitolea fedha; kilichokosewa ni programu. Hapo badilisheni programu, mteja abaki yule yule. Kwa maoni yangu jibu hili lina uzito kuliko takwimu zote mlizonazo.

Suala la fedha lina hesabu fupi. Gawanyeni akiba mliyonayo kwa kiasi kinachopungua kila mwezi. Ikiwa imebaki miezi tisa na jaribio moja la maana linachukua mitatu, mna majaribio matatu, si zaidi. Stewart Butterfield na wenzake walifunga mchezo wao wa mtandaoni, Glitch, mwaka 2012 wakiwa bado na fedha za wawekezaji, ndiyo maana waliweza kugeuza chombo walichojitengenezea cha kuwasiliana kazini kikawa Slack. Wangengoja akaunti ikauke, wasingekuwa na la kugeuza.

Kuhusu ubishi wenu: kabla ya jaribio lijalo, andikeni pamoja mtafanya nini, kwa muda gani, na matokeo gani yatawafanya mwache. Kwa mfano: wiki sita, mafundi 20 wapya, wasipolipa angalau 6 tunabadili. Wekeni saini wote wawili. Na mkibadili, walioshalipa waambieni mapema, wapeni nafasi ya kuhamisha kumbukumbu zao, na warudishieni fedha za miezi ambayo hawataitumia.