Uliza Santuri: Dola 60 kwa albamu ya zamani, unalipia nini hasa?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja za kantri na foku, nimefurahi kweli maana huu ndio muziki ninaousikiliza nikifika nyumbani usiku. Nimechagua nne. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu kwa sababu hapo kuna pesa za watu, mtu anajinyima miezi mitatu anunue santuri moja, lazima ajue ananunua nini.

SWALI: Habari yako mzee. Mimi ni shabiki wa kantri tangu nikiwa mdogo, kwetu Jumapili baada ya kanisa ilikuwa Jim Reeves, jioni Don Williams. Siku hizi nimeingia kwa hawa wengine, Gram Parsons, bendi yake Flying Burrito Brothers, na yule dada Judee Sill. Broo yangu anakuja Disemba kutoka Marekani na amekubali kunibebea santuri mbili tatu. Shida ni bei. Albamu moja naiona kwa dola 25, halafu hiyohiyo toleo lingine dola 60, na zote stika imeandikwa gramu 180. Sasa hiyo 35 ya juu ni ya nini? (Msikilizaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu wa Nakuru, anza kwa kuisahau hiyo gramu 180. Santuri ya kawaida ina gramu kama 120 hadi 140, hizi nzito ni tamu kushika na pengine hazipindi haraka, lakini mfereji unaopita sindano ni uleule, uzito hauongezi sauti hata kidogo. Ninayo moja hapa, albamu ya kantri-roki ya miaka ya 70, nzito kama sahani ya chakula, niliinunua duka fulani la mtandaoni kwa sababu ya stika tu, nikaiweka, gita zinachoma masikio, ngoma imelala, mwimbaji hana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Baadaye ndio nikaja kujua imekatwa kutoka kwenye faili la CD ambalo lilikuwa limeshapandishwa sauti mpaka mwisho. Pesa yangu yote ilienda kwenye plastiki na iliniuma.

Cha kuuliza ni sauti imetoka tepu gani na nani kaikata. Tepu mama, yaani ile iliyotoka studio mwaka uleule, ukiikopi inapoteza kidogo, kopi ya kopi inapoteza zaidi, na matoleo mengi ya bei rahisi yanatoka kwenye kopi ya tatu huko au kwenye faili ambalo hata waliolitoa hawaandiki wamelipata wapi. Halafu yupo fundi wa kukata, yule anayekaa na ile tepu na mashine yenye kisu anachora mfereji kwenye laka, ile sahani laini ya mwanzo ambayo kwayo hutengenezwa mihuri ya kuchapia santuri, yeye ndiye anaamua besi iachwe kiasi gani, sauti ya juu ipunguzwe wapi. Fundi mzuri ana gharama, kuitoa tepu stoo kwa wenye mali kuna gharama, na toleo zuri linachapwa kopi chache. Hapo ndipo inapoenda hiyo 35 yako, kama toleo ni la kweli.

Tuchukue Judee Sill maana umemtaja mwenyewe. Albamu yake ya kwanza ya 1971 ndiyo iliyofungua lebo ya Asylum, ya pili, Heart Food, ikatoka 1973, na hiyo ya pili mpangilio wa vyombo vyote vya okestra aliuandika yeye mwenyewe, akauongoza yeye mwenyewe. Aliishi kwa shida sana na akafa 1979 watu wameshamsahau. Sasa Heart Food inafungwa na wimbo mmoja mrefu, The Donor, dakika kama 8, ambamo amepandanisha sauti yake juu ya sauti yake mpaka inakuwa kwaya nzima ya kanisa inaita Kyrie eleison, Bwana utuhurumie. Ukiisikiliza usiku peke yako nywele zinasimama. Lakini angalia inapokaa: mwisho kabisa wa upande wa pili. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano ikiwa ukingoni inapitiwa na sentimita kama 51 za mfereji kwa sekunde, ikifika karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, ni sentimita kama 21 tu, kwa hiyo sauti ileile sasa imebanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi iliyokuwa nayo mwanzo. Ndio maana nyimbo za mwisho zinakuwa na mikwaruzo kwenye s na t, na kwaya ya watu wengi inageuka uji. Yaani wimbo mzito kuliko zote umewekwa mahali pabaya kuliko pote.

Kampuni ya Intervention Records walipozitoa tena hizo albamu mbili 2017 wakazigawa, kila moja santuri mbili za mizunguko 45, upande mmoja unabeba nyimbo chache, mfereji unakimbia haraka zaidi na hauhitaji kusogea karibu sana na lebo. Aliyekata ni Kevin Gray. Hapo kwaya unaisikia imesimama, huyu hapa, yule pale, na yule wa nyuma kabisa. Kwa hiyo dola 60 kwa Judee Sill mimi nalipa bila kusita.

Kwa Burrito Brothers niko tofauti kidogo. The Gilded Palace of Sin ya 1969 nayo Intervention wameitoa vizuri, ila albamu yenyewe kwa sikio langu haikuwahi kuwa na besi nene, na hakuna fundi wa kuiweka ambayo haikurekodiwa. Inunue kwa ajili ya Sneaky Pete Kleinow, yule jamaa anapiga pedali stili, gita la kulala linalotelezeshwa chuma juu ya nyuzi, kupitia kifaa cha kuchafulia sauti ya gita mpaka inanguruma kama nyuki kwenye mzinga, hilo kwenye toleo zuri linakufikia lote. Na Gram Parsons mwenyewe, zile albamu zake GP na Grievous Angel, mwambie broo atafute tu kopi za zamani za lebo ya Reprise ambazo hazijakwaruzwa, zinasikika vizuri na mara nyingi utabaki na chenji.

Akiwa dukani aiinamishe santuri chini ya taa, aangalie ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Ataona herufi ndogo zimechongwa. KPG@CA ni Kevin Gray, RKS ni Ryan Smith, BG ni Bernie Grundman. Huo ndio mkono wa fundi. Pakiwa na namba tu bila herufi za mtu sio lazima iwe mbaya, ila basi asilipe 60.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nipo Tabata, nina pleya ya mjomba niliyoirithi na napenda foku tulivu. Jamaa yangu aliniambia kuna kampuni kubwa ya Marekani ilikamatwa inauza santuri za dijitali huku inasema ni za tepu. Sasa nimevunjika moyo, kama hata hao wakubwa wanafanya hivyo si bora nisikilize kwenye simu tu? (Mwenye pleya ya mjomba, Dar)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usivunjike moyo. Kampuni ni Mobile Fidelity, watu wanaiita MoFi, ipo tangu 1977 na ndiyo iliyowafundisha watu kulipa bei kubwa kwa toleo la pili la albamu waliyonayo tayari. Juu ya kava wanaweka utepe umeandikwa Original Master Recording, na kila mtu akaelewa kwamba hapo ni tepu mama moja kwa moja mpaka kwenye kisu, hakuna kompyuta katikati. Mwaka 2022 wakatangaza toleo la Thriller ya Michael Jackson, kopi 40,000, kwa njia yao ya bei ghali ambayo kila laka moja inatoa santuri chache tu, na hapo watu wakaanza kupiga hesabu: kukata laka zote hizo tepu ingebidi ipigwe mara ngapi? Tepu ya Thriller nani atakuruhusu uipige hivyo, si itaisha? Julai hiyohiyo mwenye duka mmoja wa santuri wa Phoenix, Mike Esposito, akalisema hadharani, kisha akasafiri mpaka California kukaa na mafundi wao, na mafundi wakakubali mbele ya kamera kwamba kwa miaka kadhaa, tangu 2011, matoleo yao mengi yanapitia kwanza kwenye faili la dijitali la DSD, aina ya faili la sauti la ubora wa juu, halafu ndio yanakatwa. Wateja wakaenda mahakamani, ikaisha kwa makubaliano ya hadi dola milioni 25, na siku hizi MoFi wanaandika wazi sauti imepitia wapi.

Kosa lao lilikuwa kunyamaza. Mtu anakupa hela yake kwa imani, unamwachia imani isiyo ya kweli kwa miaka kumi na moja, hilo mimi silitetei. Ila ona pia jambo la pili: santuri hizohizo ndizo watu wenye masikio makali walikuwa wanazisifia kuwa mfano wa analojia safi, yaani sauti isiyopitia dijitali hata kidogo. Hazikubadilika sauti siku ile habari ilipotoka. Kwa hiyo dijitali yenyewe sio ugonjwa, inategemea imefanywaje.

Na ushahidi mkubwa nilionao ni albamu ya foku tulivu kama unayoipenda, The Trinity Session ya Cowboy Junkies wa Kanada. Tarehe 27 Novemba 1987 waliingia kwenye kanisa la Holy Trinity katikati ya Toronto, na ili wakubaliwe waliwaambia watu wa kanisa kwamba wao ni kikundi cha familia kinarekodi kipindi cha Krismasi cha redio. Wakasimika maikrofoni moja tu, aina ya Calrec, wanamuziki wakakaa kuizunguka, na mtayarishaji Peter Moore akawa anawasogeza, wewe rudi nyuma hatua moja, wewe sogea, masaa na masaa mpaka sauti ikakaa sawa. Margo Timmins anaimba chini sana, karibu kunong'ona, kwa hiyo sauti yake ikapitishwa kwenye spika iliyokuwepo hapo kanisani na maikrofoni ikaichukua kutoka kwenye spika. Muda ukaisha, wakampa mlinzi dola 25 awaongezee masaa mawili wamalize wimbo wa mwisho. Na yote hiyo ilirekodiwa kwenye mashine ya dijitali ya traki mbili! Hakuna tepu mama ya analojia, haijawahi kuwepo.

Ukiweka toleo la Analogue Productions, wale wa Salina, Kansas, wameigawa kwenye santuri mbili, zima taa, subiri. Kabla hajaimba neno unasikia ukumbi, ule ubaridi wa jengo, halafu sauti inakuja mbele yako kidogo juu, ngoma iko mbali nyuma inapigwa kwa brashi, na hamonika, kile kinanda cha mdomoni, ikilia inagonga dari na kurudi. Hiyo yote ni maikrofoni moja na mtu mvumilivu wa kupanga watu. Simu yako itakupa nyimbo, sikatai, ila pleya ya mjomba ikiwa na sindano nzima itakuingiza kanisani. Kabla hujanunua chochote badilisha sindano, kama amekuachia ileile ya zamani hiyo inakula mifereji yako.

SWALI: Kaka habari za huko. Niko Columbus, Ohio, huku maduka ya santuri ni mengi. Napenda kantri mbadala ya miaka ya 90 na kuendelea, Uncle Tupelo, Lucinda Williams, Gillian Welch. Hizi si zilitoka kwa CD tangu mwanzo, kuna haja gani ya santuri? (Mkenya wa Columbus)

JIBU: Haja ipo lakini si kwa zote. Albamu za wakati huo zilipangwa kwa CD, dakika 50, 60, na upande mmoja wa santuri unapumua vizuri kwa dakika kama 20, ukizidisha fundi analazimika kushusha sauti na kuminya besi. Kwa hiyo geuza kava, jumlisha dakika, kama albamu ya saa nzima imewekwa kwenye santuri moja irudishe rafuni hata iwe na stika gani. Santuri mbili, sawa.

Kwa Gillian Welch usifikirie mara mbili. Yeye na David Rawlings walitoa albamu ya The Harrow & The Harvest 2011 na mashabiki wakakaa miaka 6 bila santuri, mpaka 2017, kwa sababu hawa wawili hawakutaka kutoa tu ilimradi, walinunua mashine yao wenyewe ya kukatia, wakaitengeneza, wakakata kutoka kwenye tepu zao za analojia. Karibu yote ni sauti mbili na magita, hakuna pa kujificha, unasikia kucha ikigusa waya. Mimi watu wanaofanya hivyo kwa kazi yao nawaheshimu sana.

SWALI: Shikamoo. Santuri za marehemu baba zimeota ukungu kwenye kava na nyingine mpaka ndani. Huku Tanga joto na unyevu havina msimu. Nizisafisheje? (Binti wa Ngamiani)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na msiba. Zitoe kwenye kava zilizooza, karatasi ya ndani ndiyo inayofuga ukungu, itupe na uweke mpya. Osha kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kufuata mzunguko, usipite kwa kukatisha mifereji, lebo ya katikati usiilowanishe, suuza, acha ikauke kivulini. Kisha zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta wa nje.

Ila chunguza kwanza kama kuna zile za mizunguko 78, nzito na rahisi kuvunjika, maana mzee wa Tanga hakosi taarab ya zamani humo. Hizo usizisogezee spiriti wala dawa yoyote yenye alkoholi, zinayeyuka. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kisha kikavu, na uziweke peke yake.