Ndoo ya maji kwa mwalimu, viboko, na 'tuyamalize kifamilia'

Barua za safari hii zimetoka Mbarali, Mufindi, Kyela, Njombe, Songwe, Iringa na hapa Mbeya mjini. Baadhi zinauliza yaleyale. Nitayarudia, maana mwalimu asiyezijua kanuni za kazi yake huwaumiza watoto.

Mwalimu ajira mpya, Mbarali: Shikamoo mwalimu. Kisheria mwanafunzi anachapwa viboko vingapi? Hapa kwetu kila mwalimu ana fimbo yake.

Marahaba. Visizidi vinne. Hili nimelijibu mpaka nimechoka, na kila anayeuliza idadi huacha kuuliza mengine yaliyomo kwenye kanuni hizohizo. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu cha adhabu. Kesho asubuhi omba kukiona hicho kitabu. Nilipohamishiwa shule moja ya Rungwe nikiwa mkuu mpya, nilikikuta chini ya kabati, ukurasa wa mwisho umeandikwa miaka minne nyuma. Nyuma ya mlango wa ofisi hiyohiyo kulikuwa na fungu la fimbo za mianzi, bado mbichi. Anayechapa bila kuandika anajua kwa nini haandiki.

Mwaka 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari hapa Mbeya kwa makofi, mateke na fimbo. Walikuwa vijana kama wewe, bado wanasomea kazi. Watu wazima kumzunguka mtoto mmoja ofisini, hakuna kanuni inayoiita hiyo adhabu. Ukiona wenzako wameanza, toka ukamwite mkuu.

Mwalimu, Njombe: Je, mwalimu haruhusiwi kunywa ulanzi?

Baada ya kazi, ni hiari yako. Kuingia darasani unanuka ulanzi ni kosa la kinidhamu.

Mwalimu wa kike, Mufindi: Mwenzetu mmoja huwaita mabinti wa kidato cha pili wamchotee maji na kumfulia. Mabinti wengine huwaambia wampelekee madaftari nyumbani jioni. Nikisema, naambiwa ni malezi, hata sisi tulilelewa hivyo. Nakosea?

Hukosei, mwanangu. Nimelisema tangu nianze kuandika safu hii na nitalisema tena: mwanafunzi hana kazi nyumbani kwa mwalimu. Wanaosema tulilelewa hivyo wanasahau kwamba nyumba ya mwalimu wa enzi zile ilikuwa na mke, watoto na bibi, mlango wazi kutwa. Leo mwalimu kijana amepanga chumba kimoja, yuko peke yake. Na baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba unaijua: saa kumi na moja jioni ukungu umeshashuka, kila mlango umefungwa. Binti akiingia humo, mwalimu hana shahidi na binti hana pa kukimbilia.

Niliwahi kufanya kazi na mwalimu wa hisabati, hodari kwelikweli. Alianza na ndoo ya maji. Binti kwao ni mbali, amepanga geto karibu na shule. Baada ya ndoo zikaja andazi na chai, kisha vocha, kisha simu ndogo ya batani. Ofisi nzima tuliiona ile simu. Tukasema anamsaidia mtoto yatima. Mimi nilikuwa makamu mkuu wa shule, nikanyamaza na wenzangu. Binti yule hakufanya mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo maana swali kama lako silijibu kwa mstari mmoja.

Mwandikie mkuu wa shule, ubaki na nakala. Akinyamaza, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na ofisi ya TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, wilayani ipo. Watakuita mchonganishi. Vumilia, maana huyo mwenzenu bado anaweza kuzuiwa kabla hajaharibu maisha ya mtoto na yake.

Mama, Kyela: Binti yangu ana miaka 16, kidato cha tatu, ana mimba ya mwalimu wake. Mwalimu amekuja na wazee, ametoa laki tano, anasema atamuoa. Mume wangu na ndugu zake wanasema tuyamalize kifamilia, tusimfunge kijana wa watu.

Pole sana mama. Hizo fedha msizipokee. Kama zimeshapokelewa, zisiguswe, ni ushahidi. Binti wa miaka 16 kisheria hana ridhaa ya kutoa, kwa hiyo aliyofanyiwa ni ubakaji hata kama anasema anampenda. Na tangu 2016 Sheria ya Elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Ndoa haifuti kosa hilo. Kumuoa mwanafunzi ni kosa jingine, na wazee wanaosaidia ndoa hiyo nao wanaingia hatiani. Wasomee shemeji zako mstari huu.

Mpeleke binti hospitali, kisha nendeni dawati la jinsia na watoto hapo polisi, na mumtafute afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mkiambiwa msubiri kwanza ajifungue, kataeni. Vinasaba vitapimwa mtoto akizaliwa, lakini taarifa inafunguliwa leo.

Hilo la 'kijana wa watu' limeniuma. Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha namna hiyo huko huko bondeni. Wanaume tisa sebuleni, chai na ndizi za kuchemsha mezani, tunahesabiwa ng'ombe. Binti alikuwa jikoni anaosha vikombe vyetu. Hakuna aliyemwita. Nilipoomba aitwe, nikaambiwa hayo ni mambo ya wakubwa.

Na shule haijaisha kwake. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua. Ukiambiwa hakuna nafasi, omba jibu hilo kwa maandishi. Niandikie tena, mama, nijue mmefika wapi.

Mzazi, Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini: Mwalimu wa darasa la sita anatoza shilingi 500 kwa siku za twisheni. Watoto wasiolipa wanasema kuna mada hawafundishwi kabisa darasani.

Mada iliyo kwenye muhtasari mwalimu analipwa mshahara aifundishe. Kuificha mchana ili aiuze jioni ni wizi. Lakini nanyi wazazi mnalipa kimyakimya, mkiogopa mtoto atachukiwa, na hofu hiyo ndiyo inayomlipa. Nendeni watano kwa mwalimu mkuu mkiwa na madaftari. Wekeni mezani la darasani na la twisheni, mada kwa mada, tarehe kwa tarehe.

Mwalimu, Songwe, miaka saba kazini: TSC na CWT si kitu kimoja?

Hapana. TSC ni tume ya serikali inayosimamia utumishi na nidhamu ya walimu wa shule za umma, CWT ni chama cha wafanyakazi. Miaka saba ni mingi kwa swali hili. Soma kanuni zako kabla hujaandikiwa barua ya mashtaka.

Mwalimu, Iringa mjini: Kamwene mwalimu. Nilimrekodi mwanafunzi wangu wa darasa la nne akisoma kwa kukosea, nikaweka TikTok. Imependwa sana, ila mwalimu mkuu anataka niifute. Ana haki?

Kamwene. Ifute sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na sura ya mtoto yule ni taarifa yake. Tena mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma amefika hapo akipitia mikononi mwetu walimu, mwaka baada ya mwaka. Nenda nyumbani kwao ukamwombe radhi mama yake, naye mtoto awepo asikie. Jumatatu mkalishe dawati la mbele, uanze naye silabi, dakika kumi kila siku, darasani, mlango ukiwa wazi.