Baridi Ivaliwe na Mtoto, Kitanda Kibaki Kitupu

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza sisi tunaosafiri na watoto wachanga huwa tunawalaza wapi tukifika ugenini, na kama kitanda cha kukunja kina thamani ya fedha yake. Mimi naishi Mbeya, ukweni kwangu ni Makete na kwetu ni Kyela, kwa hiyo mtoto wangu mmoja huyo huyo huweza kulala leo kwenye baridi ya sakitu na safari ijayo kwenye joto na mbu wa Ziwa Nyasa. Kabla ya kuuliza ninunue kifaa gani, huuliza mtoto atakuwa amelala juu ya nini. Pawe tambarare, pawe pagumu kiasi kwamba kichwa chake hakizami, na pawe patupu, pasiwe na mto, mdoli wala nguo za kuzibia pembeni. Chochote kinachotimiza hayo kinafaa, na kisichotimiza hakifai hata kama kimenunuliwa kwa bei kubwa.

Mtoto wa miezi ya mwanzo ana kichwa kizito na shingo isiyokaza. Akiachwa alale mahali palipoinuka upande mmoja, kidevu hushuka kifuani na njia ya hewa hubanwa bila yeye kuweza kulia. Akizamisha uso kwenye godoro laini au blanketi zito, huvuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Marekani ilianza mwaka 1994 kampeni kubwa ya kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, na mwaka 2022 ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinuko unaozidi nyuzi 10. Kiti cha kubembea au kiti cha gari kikikufikia kama zawadi au mtumba, kitumike kwa kazi yake, lakini usingizi wa usiku usiwe humo. Vivyo hivyo mtoto aliyesinzia mgongoni kwenye mbeleko, mkifika tu, alazwe chali mahali tambarare.

Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini kinachoharibu kitanda kizuri ni baridi, au tuseme ni hofu yetu ya baridi. Juni na Julai ukifika Makete jioni, bibi wa mtoto anakuwa ameshaandaa mablanketi mawili mazito na mto, na ameyaandaa kwa upendo, kwa hiyo siyakatai mbele za watu. Humwambia, "Mama, shika hapa shingoni, mwenzetu ameshapata joto, blanketi hili nitajifunika mimi nikiwa namnyonyesha." Akishashika mwenyewe huridhika. Nami huamini hivyo kabisa: baridi ivaliwe na mtoto, isitandikwe kitandani.

Nguo inayonisaidia ilishonwa na fundi cherehani pale Mwanjelwa kutoka kwenye blanketi jepesi. Ni kama gunia dogo lenye zipu mbele: miguu inachezea ndani, mikono inatokea nje, na tundu la shingo ni dogo kiasi kwamba kichwa hakiwezi kuteleza kikaingia ndani. Nilimsisitizia fundi shingo na makwapa kuliko urefu, maana urefu ukizidi haudhuru, lakini shingo ikilegea nguo nzima inageuka kuwa blanketi juu ya uso. Chini yake anavaa nguo za kawaida, kwa kipimo cha nguo moja zaidi ya ninazohitaji mimi katika chumba hicho. Joto napimia shingoni nyuma au kifuani, kwa sababu vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa salama, na nikikuta jasho napunguza nguo. Asiye na gunia la namna hiyo atumie blanketi moja jepesi lililochomekwa chini ya godoro, lisivuke makwapa.

Jiko la mkaa lisilale chumbani. Moto ukionekana umekufa, makaa bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na nyumba zetu za baridi hufungwa madirisha yote.

Sasa kitanda cha kukunja. Kile chenye fremu ya chuma na kuta za wavu ndicho ningechagua kwa anayesafiri mara nyingi kwa gari lake, kwa kuwa hewa inapita pande zote na sakafu yake ni bapa. Ukikikunjua, hakikisha kingo zote nne zimejifunga, kisha zisukume kwa nguvu kwenda chini. Ukingo usiojifunga huweza kukunjika mtoto akiwa ndani. Godoro liwe lile lile lililokuja nacho. Wengi huliona jembamba wakaongeza la sponji juu yake, na hapo hujitokeza mwanya kati ya sponji na ukuta wa kitanda ambamo uso wa mtoto unaweza kunasa. Baridi ya sakafu ya saruji izuiwe kwa mkeka uliotandikwa chini ya kitanda, si ndani. Kasoro yake ni uzito: vingi hukaribia kilo 10, na kwa anayeshuka kwenye basi na kupanda bodaboda akiwa na mtoto mgongoni huo ni mzigo wa kweli.

Kwa Kyela napendelea neti ndogo ya mwavuli inayokunjika, mradi ule mto uliokuja nayo uondolewe na kigodoro chake kiwekwe juu ya sehemu ngumu, tena chini, si juu ya kitanda cha watu wazima anakoweza kubingirika. Wavu ukimgusa mtoto mbu humng'ata kupitia hapo hapo, kwa hiyo juu yake natundika ile neti kubwa yenye dawa.

Asiye na uwezo wa kununua asijione amepungukiwa. Finland ilianza mwaka 1938 kuwapa kina mama wa kipato cha chini sanduku la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto, na watoto wengi walilazwa ndani ya sanduku hilo hilo. Boksi imara, pana, lenye godoro gumu linaloenea kote, hufanya kazi hiyo kwa miezi ya mwanzo. Kapu letu la milulu la Iringa silishauri, maana duara lake humkunja mtoto, libebe nguo.

Ninapopahofia zaidi ni msibani. Wanawake hulala chumba kimoja kwenye magodoro yaliyounganishwa, wamechoka kwa kilio na kupika, na mtoto huwekwa katikati yao kwa nia njema. Hapo ndipo boksi au kitanda kidogo huwa na thamani kuliko popote, kikiwekwa karibu na mama kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Kukikosekana kabisa, mtoto alale upande wa mama yake peke yake, asiwe kati ya watu wawili, wala karibu na aliyekunywa ulanzi au komoni au anayevuta sigara, na asilazwe kwenye kochi.

Chochote mtakachochagua, kitumieni kwanza nyumbani kwa usingizi wa mchana siku chache kabla ya safari, ili mtoto asikiogope na ninyi mjue kukifunga gizani umeme ukikatika.

Msomaji wenu, Mbeya