Nyota za ukinyanyuka: mimi niliziona mlimani, mke wangu akaziona akiwa amekaa

Mkuu umeuliza mambo mawili. La kwanza ukinyanyuka kitandani asubuhi unaona nyota nyota, la pili juzi umeme ulikatika ukatoka nje kutazama nyota za kweli, ukainua shingo, kizunguzungu kikakushika mpaka ukashika ukuta. Unataka kujua kama ni kitu kimoja. Mimi si daktari, nimefanya kazi ya mlima Kilimanjaro hapa Moshi miaka tisa, nakujibu kwa yaliyonikuta na niliyoelezwa na waliosomea.

Nimekulia Pangani, babu yangu alikuwa mvuvi, na nyota za kwanza kunionyesha ni Kilimia, lile kundi dogo zimebanana kama vifaranga. Alikuwa anasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, halafu ananiambia haya hesabu. Naona sita. Watu wengi wenye macho mazima wanaishia hapo hapo sita, kwa hiyo mpaka leo nikitoka nje usiku ndo kipimo changu.

Sasa Septemba 2011 bado nabeba mizigo. Kawaida sisi wagumu, yaani wabeba mizigo, tunabaki kambini, wageni ndo wanaenda kileleni na viongozi wao, lakini usiku ule kiongozi wetu alipungukiwa mtu akaniomba niongozane nao. Tukatoka kambi ya Barafu saa sita usiku, hapo uko mita 4,600 na ushee, mwezi hakuna, Kilimia kimesimama juu ya Mawenzi, kile kilele kingine cha Kilimanjaro, nikahesabu sita bila shida yoyote. Tukapanda, pole pole, baridi ile ya kukata masikio. Inakaribia saa kumi tuko kama mita 5,300, Kilimia kimeshapanda juu kabisa mbele yetu, nikakitazama nikaona kitu kama moshi tu. Nikasema ukungu umeingia. Mwenzangu akaniambia ukungu gani, anga jeupe hili!

Dakika chache baadaye nikaanza kuona nyota nyingine, vidoa vyeupe vinakimbia kimbia, nikadhani ni taa za kichwa za kundi lililotutangulia. Nikafumba macho. Bado zipo. Aisee moyo ulinienda mbio pale, maana taa ya mtu huwezi kuiona umefumba macho.

Nikamwambia kiongozi, hakuniuliza maswali mengi, akaniambia tembea hatua kumi kisigino kikigusa kidole, kama mtu yuko juu ya kamba. Ya tatu tu nikayumba. Akaamuru nishushwe palepale na mtu mmoja akinishika mkono. Nilinung'unika maana kileleni mita 5,895 sikuwahi kufika, lakini yule mzee aliniokoa, kuyumba namna ile kwenye mwinuko ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba na dawa ya kwanza ni kushuka. Tumefika Barafu bado giza, vile vidoa vimeisha, nikakaa kwenye jiwe nikatazama Kilimia nikahesabu tano.

Baadaye ndo nikaelewa. Zile chembe za jicho zinazoonea gizani zinakula oksijeni nyingi sana, na kule juu kabisa hewa ina kama nusu ya oksijeni ya pwani. Ikipungua zinalegea kabla hujajisikia mgonjwa. Ndo maana hata wanaokwenda kutazama anga Mauna Kea kule Hawaii, mita 4,200 hivi, wakivuta oksijeni ya mtungi wanasema nyota zinaongezeka papo hapo. Anga ni lile lile, jicho ndo limepata chakula chake.

Na hili la kwako la kunyanyuka ni ndugu yake. Ukisimama ghafla damu inashuka miguuni, presha inaanguka kidogo, mwili unachelewa kuirudisha. Jicho lina presha yake ndani, damu ikija dhaifu inashindwa kuingia vizuri, kwa hiyo macho yanalalamika kabla ya ubongo kuzima: nyota, kisha giza, kisha chini. Inaletwa na maji kidogo, kuharisha, damu kupungua, kufunga, dawa za presha. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja, chezesha miguu, ndo usimame, na zikianza kaa chini au lala uinue miguu usijikaze. Kama ni kila siku nenda wakupime presha umelala, halafu ndani ya dakika tatu baada ya kusimama, ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi hapo pana sababu ya kutafutwa. Wapime na wingi wa damu. Na kama unatumia dawa za presha usiache mwenyewe.

Sasa naomba wadau wote msome hapa hata kama mengine mmeruka. 2016 mke wangu ana mimba ya miezi minane, jioni amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, akaniambia naona nyota nyota. Mimi na ujuzi wangu wa mlimani nikampa maji nikamwambia jilaze zitaisha. Hazikuisha. Nilipoteza saa nzima. Jirani yetu mama mtu mzima akaingia akauliza tu, kichwa je? Kinauma tangu asubuhi. Akamshika mkono, pete haitoki kidoleni. Akasema tafuta bajaji sasa hivi.

Presha ilikuwa 170 kwa 110, mkojo una protini. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Wakamchoma magnesiamu kuzuia degedege na usiku ule ule akafanyiwa upasuaji, binti yetu akazaliwa mdogo lakini analia vizuri. Yaani nyota zilifanana na zangu ila chanzo ni kinyume kabisa, kwangu oksijeni ilipungua, kwake presha ilipanda ikasumbua ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulika na kuona. Mjamzito aliyepita wiki 20 akiona nyota akiwa ametulia, kichwa kinauma, au maumivu chini ya mbavu, au uso na mikono imevimba, hakuna cha maji wala kulala, ni kwenda hospitali.

Nyota za jicho moja tu nazo, mwanga kama radi pembeni halafu kivuli kama pazia, hizo ni haraka pia, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga unaweza kuwa unabanduka.

Kuhusu shingo, hilo mimi naliona ni jingine. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa vya kusaidia mizani, vikihama mahali pake ukiinua kichwa tu dunia inazunguka, mara nyingi haimalizi dakika. Kuna zoezi la kuvirudisha, wahudumu wa afya wanalijua. Kwa sasa tandika mkeka ulale chali, nyota utaziona vizuri zaidi, na usiwashe simu kama dakika 20 au 30 macho yazoee giza.

Ila umeandika "kizunguzungu" tu mkuu. Ukinyanyuka dunia inazunguka au macho yanafifia? Una mimba? Unatumia dawa gani, na presha umepima lini mara ya mwisho?