Valium, chupa za kutoa hofu, na mlipuko ukitangazwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mbagala Rangi Tatu. Kila mlipuko ukitangazwa nateseka. Ilianza na Uviko, ikaja Marburg ya Kagera, na Machi 2025 walipotangaza Mpox hali ikarudi upya. Nashika noti za watu kutwa nzima. Usiku moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, nahisi pumzi haitoshi. Napima joto mpaka mume wangu ameficha kipimajoto. Jirani alinipa Valium nikalala vizuri, sasa najinunulia mwenyewe duka la dawa. Kuna mtu pia anauza dawa ya miti shamba, elfu thelathini chupa. Anasema inatoa hofu na kupandisha kinga, kwa sababu hofu ndiyo inayoshusha kinga na kukaribisha ugonjwa. Niendelee na ipi, na kwa dozi gani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Hakuna ya kuendelea nayo kati ya hizo mbili, ila hiyo Valium usiitupe leo. Nitakueleza kwa nini.

Kifua kwanza, maana ndicho kinachokupeleka kwenye vidonge. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka bila mwenyewe kujua. Kaboni dayoksaidi inatoka mwilini kwa wingi kuliko inavyotengenezwa, na matokeo yake ni hayo uliyoyataja: ganzi vidoleni, wakati mwingine hata kuzunguka midomo, kizunguzungu, kifua kubana. Halafu inakuja hisia kwamba hewa haitoshi, wakati oksijeni unayo tele, basi unazidi kuvuta. Na walio karibu, kwa nia njema kabisa, wanakuhimiza: “Vuta pumzi ndefu! Vuta tena!” Hapo wanakuongezea tatizo.

Wewe kazana na kutoa. Ingiza hewa kidogo tu kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobana kama unapuliza uji wa moto, kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuingiza. Endelea hivyo dakika tano. Wimbi la namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha linashuka lenyewe, umeze kitu au usimeze. Mambo ya kupumulia kwenye mfuko achana nayo. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa. Na kama kifua kinabana ukiwa unapanda ngazi au kubeba ndoo, au maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, hiyo si habari ya kupuliza pumzi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu noti: Mpox huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vipele vyake, au kutumia shuka, taulo na nguo zake. Fedha ya mteja siyo njia yake kuu. Nawa kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kula na kabla ya kujishika usoni, inatosha. Kipimajoto nacho, ukipima unatulia dakika chache, kisha mashaka yanarudi yakiwa na njaa zaidi, unapima tena. Kama hukukaa karibu na mgonjwa, huna cha kupima. Zile sauti za WhatsApp zinazoanza na “nimetumiwa na daktari fulani” zinafanya kazi ileile ya kipimajoto, tena mbaya zaidi, kwa sababu kipimajoto angalau hakidanganyi. Ukipata homa kali, vipele, mitoki kuvimba, piga 199, ni bure, au nenda kituo cha afya. Hofu peke yake kwa kawaida haikupandishi joto hadi 39, wala haitoi vipele vyenye maji.

Sasa nije kwenye hili linalonichosha. “Hofu inaua kuliko ugonjwa.” Nimelisikia tangu 2020 kwenye daladala, misibani, hata kwa watu waliosoma ambao walitakiwa kujua zaidi. Lina chembe ya ukweli, na wauzaji wanaishi kwa chembe hiyo. Mtu akikaa na msongo miezi na miezi, halali, hali vizuri, mwili kweli unadhoofika na kinga inayumba. Lakini kutoka hapo hadi kusema wiki mbili za wasiwasi zimekufungulia mlango wa Mpox, ni mbali sana. Kirusi kinahitaji njia ya kuingia. Mtulivu aliyelala shuka moja na mgonjwa yuko hatarini kuliko mwoga aliyenawa mikono.

Madhara yake nayaona pande mbili. Mwenye hofu, kama wewe, anaanza kuiogopa hofu yenyewe: “Nikiogopa nitaugua.” Anajilaumu, halali, anatafuta kitu cha kumzimisha. Na mwenye ugonjwa wa kweli, anayekohoa na kuhema, nyumbani wanamwambia “toa hofu, mwombe Mungu, utapona”. Analetwa siku ambayo hawezi hata kumaliza sentensi moja. Kumwomba Mungu sikatai, mimi mwenyewe naomba. Ninachokataa ni sala kutumika kumchelewesha mtu kufika hospitali.

Watu huja kliniki na mfuko wa nailoni, wanaumwaga mezani: chupa tatu za maji ya kahawia, unga ndani ya kikaratasi, mafuta ya upako, na chini kabisa nusu pakiti ya diazepamu, yaani Valium, isiyo na cheti. Chupa hizo zinanifurahisha kwa jambo moja tu, jinsi lebo zinavyobadilika kufuata taarifa ya habari. Iliyokuwa ya Uviko leo ni ya Mpox, maji ni yaleyale. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV zao kwa ajili ya kikombe hicho. Mwaka 2020 ikaja nyungu. Nyungu ya kufungua pua sina ugomvi nayo, lakini mvuke hauui kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli. Kinachoungua ni ngozi yako, na ya mtoto uliyemfunika naye blanketi.

Sisemi wote wa tiba asili ni matapeli. Wana sheria yao tangu 2002 na baraza linalowasajili. Mwulize huyo wako namba yake ya usajili uone atakavyobadilisha mazungumzo. Tena jihadhari na miti shamba inayokulaza ndani ya nusu saa, maana kuna wanaosagia vidonge vya hospitali humo humo, na wewe unameza Valium mara mbili bila kujua.

Hiyo Valium ni dawa ya cheti. Aliyekuuzia bila cheti amekosa, hata kama ni jirani na anakupa kwa mkopo. Inafanya kazi, sikatai, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Inakaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha leo kinakutana na cha juzi. Ndani ya wiki chache mwili unakizoea, kimoja hakitoshi, unaongeza. Ukikosa, usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, na wewe unadhani ni hofu imerudi wakati ni kidonge kinachokudai. Ukichanganya na pombe au dawa kali za maumivu kama tramadoli, inaweza kukata pumzi usingizini. Asubuhi unafungua kibanda ukiwa na ukungu kichwani, na kazi yako ni kuhesabu pesa za watu.

Hujaniambia umemeza kwa muda gani. Kama umezidisha wiki mbili au tatu mfululizo, usiache ghafla, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga hatua. Hospitali ya Temeke si mbali na kwako. Fika mapokezi, uliza kliniki ya afya ya akili, na beba pakiti iliyobaki pamoja na hiyo chupa kama ulishainunua, vyote waviangalie.