Maswali yenu: lita zikipungua, barabara itatengenezwa na hela gani?

Wana Chuga na wa Moshi, mambo. Wiki iliyopita niliandika kwamba huko kwa wenzetu magari yanachoma mafuta kidogo, mengine yamehamia umeme, na serikali zao zinalia hela ya barabara. Meseji zimekuja nyingi, nimechukua hizi.

Bro mi ni boda Kwa Mrombo. Nikiweka mafuta nakatwa shingapi ya barabara? Maana huku ni vumbi na mashimo tu.

Unachangia kuliko unavyodhani aisee. Kila lita ina tozo ya barabara, ilikuwa sh 313, bajeti ya 2021/22 wakaongeza mia ikafika 413, na hiyo mia ikasemwa ni ya TARURA, yaani hizo hizo njia zenu za mtaani. Kwa kiwango hicho cha 2021/22, tuseme unaweka lita 3 kwa siku, hapo 1,239 ilikuwa inaondoka hujabeba hata abiria mmoja, na sijagusa ushuru wa bidhaa ambao nao umo humo humo kwenye bei ya EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta. Hela inaingia Mfuko wa Barabara, wanagawana TANROADS wenye barabara kuu na TARURA wenye za mitaani na vijijini. Kwa nini huioni? TARURA wana zaidi ya kilomita 140,000 na nyingi ni udongo au changarawe, greda likipita mwezi wa pili, masika ya mwezi wa nne inabeba yote mpaka mtoni, mwakani mnaanza upya.

Road license ilienda wapi? Mbona siku hizi hatudaiwi? (Majengo, Moshi)

Ilihamia kwenye pampu dada. 2017 Dk Philip Mpango akiwa waziri wa fedha alifuta ile ada ya kila mwaka, akaweka sh 40 juu ya kila lita, petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ndio, ya taa pia, kwa iyo bibi anayewasha koroboi kule Kibosho naye akawa anailipa, hilo halijawahi kunikaa vizuri. Uzuri wake, gari lililokaa juu ya mawe uani halidaiwi tena. Ubaya wake ni kwamba kila kitu sasa kinategemea lita, lita zikishuka na hela inashuka nazo.

Sasa huko nje wanafanyaje?

Marekani kodi ya serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haijasogea, wakati gharama za ujenzi zimepanda na injini zinakula kidogo, ndo maana tangu 2008 mfuko wao wa barabara kuu unaongezewa hela kutoka hazina. New Zealand wameamua tofauti, tangu Aprili 2024 mwenye gari la umeme ananunua kilomita kabla hajatembea kama sisi tunavyonunua umeme wa LUKU, dola 76 za kwao kwa kilomita 1,000. Mi hiyo naikubali.

Magari yakipungua si barabara nazo zitadumu?

Inategemea yamepungua yapi. Lami inaumizwa na uzito wa ekseli, yaani mzigo unaobebwa na kila mhimili wa matairi. Wamarekani walilijaribu Illinois kuanzia 1958, wakazungusha malori juu ya lami miaka miwili hivi, ikaonekana ukiongeza uzito wa ekseli mara 2 uharibifu unaruka karibu mara 16. Kwa iyo Vitz zote za Njiro zikibaki nyumbani lami haitashtuka sana, ila hela ya mafuta yake itakuwa imekosekana, na semi za saruji zitaendelea kushuka kwenda Holili kama kawaida. Mvua nayo haijui kama magari yamepungua.

Nimenunua pikipiki ya umeme, jamaa wa kijiweni wananiambia natumia barabara bure. Kweli?

Tozo ya mafuta hulipi, kweli. Kwenye umeme unakatwa VAT na ya REA (ya umeme vijijini) lakini hizo haziendi kwenye Mfuko wa Barabara. Ila waambie pikipiki haijawahi kuvunja lami ya mtu. Usijisahau tu, bajeti ya 2024/25 ilishapendekeza sh 382 kwa kilo ya gesi ya magari kwa hoja hiyo hiyo, na umeme watafika. Wakifika, mi ningetaka walipishe kwa uzito na kilomita, waanze na malori na mabasi maana mizani zipo tayari, nyie wa boda muwe wa mwisho kabisa.